Neno la siri la hifadhidata haliandikwi ndani ya amri

Malalamiko yanayofikia kitengo chetu kuhusu sacco, shule na zahanati yanafanana: orodha ya wanachama au wagonjwa imeonekana mikononi mwa mtu asiyehusika, na taasisi inajitetea kwamba imedukuliwa. Wadukuzi wapo, hatukatai. Ila kabla ya kuwasaka, fungueni kwenye seva yenu faili ya .bash_history, inayohifadhi amri zilizoandikwa. Mara nyingi utakuta mstari kama huu, wa kuingia MySQL (programu ya hifadhidata), neno la siri likiwa limeandikwa baada ya -p:

mysql -u root -pSiri2024

Yeyote anayeingia kwa akaunti hiyo ya seva atalisoma neno hilo la siri. Amri ikiwa inaendeshwa, MySQL hujaribu kulifunika neno hilo lisionekane kwenye orodha ya michakato, lakini kuna muda mfupi ambapo liko wazi. Andika -p peke yake, programu itakuuliza. Kwa kazi za usiku zinazojiendesha, liweke kwenye faili ya mipangilio ya .my.cnf yenye ruhusa 600 (mwenye faili peke yake ndiye anayeisoma na kuiandika). Wapo wanaotuambia wamelihifadhi kwa zana ya mysql_config_editor, kwa hiyo "limesimbwa". Limefichwa tu, anayeweza kusoma faili hiyo anaweza kulifichua.

Jambo la pili ni root, akaunti yenye mamlaka yote. Mfumo wa ankara hauna haja ya kuingia kama root, na hoja ya kwamba "fundi alituwekea hivyo" haisaidii mbele ya mlalamikaji. Ufungulie mfumo huo akaunti yake kwa CREATE USER, kisha kwa amri ya GRANT uipe ruhusa za SELECT (kusoma), INSERT (kuingiza) na UPDATE (kubadilisha) kwenye hifadhidata moja inayohusika. Tangu MySQL 8.0, GRANT haifungui akaunti yenyewe. Na tafadhali, FLUSH PRIVILEGES, amri ya kupakia ruhusa upya, haihitajiki baada ya GRANT. Desturi hiyo imeenea mno. Mlango 3306, ambao MySQL hupokelea miunganisho, nao usifunguliwe kwa intaneti nzima. Kama mfumo uko kwenye seva hiyohiyo, mpangilio wa bind-address uwe 127.0.0.1, yaani seva hiyo yenyewe tu.

"Tuna nakala rudufu kila usiku." Mmewahi kuirejesha? Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, alifuta saraka ya hifadhidata yao ya PostgreSQL kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Walipotafuta nakala rudufu za pg_dump, programu ya kunakili PostgreSQL, hazikuwepo: programu iliyotumika ilikuwa ya toleo 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa 9.6, hivyo kazi ilikuwa inashindikana, na barua pepe za kutoa taarifa hiyo zilikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ya hali ya diski (snapshot) ya saa sita kabla, na data iliyoingia baada ya hapo ikapotea. Kwa hiyo nakala ya mysqldump, programu ya kunakili MySQL (kwa majedwali ya aina ya InnoDB, pamoja na --single-transaction ili nakala iwe ya wakati mmoja), irejesheni kwenye mashine nyingine, mhesabu safu mlalo.

Data ikishavuja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka mdhibiti wa data, yaani taasisi inayoamua data itumikeje, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kufahamu, iwapo kuna hatari halisi ya madhara kwa wenye data. Aliyepewa kazi ya kuchakata data kwa niaba yenu ana saa 48 kuwajulisha ninyi. Saa hizo hazisubiri fundi arudi kutoka likizo. Mkichelewa, taarifa iambatane na sababu. Ieleze aina ya uvujaji, hatua mlizochukua au mnazokusudia kuchukua, ushauri kwa walioathirika, na mawasiliano ya afisa wa ulinzi wa data au mtu mwingine wa kuulizwa. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka wa fedha uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Taarifa inaweza kutolewa kwa awamu, msingoje kujua kila kitu. Na kumbukumbu za matukio ya seva (logs) zisifutwe "ili kupata nafasi" kabla uchunguzi haujaisha. Zinakilini kwanza kwenye diski nyingine, muandike nani alizinakili na saa ngapi.