Je, wajua kwa nini familia iliyotoa kitu makumbusho hulazimika kuomba miadi ili kukiona?

Babu alilitoa koti lake la jeshini makumbusho. Miaka imepita, wajukuu wamefika, wamelipa kiingilio, wamezunguka vyumba vyote, na koti hawalioni. Wakiuliza mapokezi, wanaambiwa waandike barua pepe na kusubiri miadi. Wengi huondoka wamenuna. Kitu ni chetu, iweje tubembeleze?

Jibu la kwanza ndilo linalouma: kisheria si chao tena. Kwa kawaida makumbusho yanapopokea kitu, mtoaji hutia saini hati ya makabidhiano, na kuanzia hapo umiliki umehama. Kama kilitolewa hiba, warithi hawana dai juu yake. Kama kiliwekwa amana tu, bado ni mali ya familia na inaweza kukidai. Kwa hiyo mtunzaji anayejua kazi yake akipata ombi la ndugu, hufungua faili kwanza, ghala baadaye. Aghalabu faili hilo lina jambo ambalo nusu ya ukoo haikuwahi kuambiwa, kwa sababu shangazi alitia saini peke yake na kunyamaza.

Familia nyingine husema babu aliweka masharti. Inawezekana, ila makumbusho mengi siku hizi hukwepa hiba zenye masharti, na sababu ipo. William Burrell, tajiri wa meli, aliupa mji wa Glasgow mkusanyiko wake wa sanaa mwaka 1944, akataka ukae mbali na moshi wa mji na usiazimishwe nje ya Uingereza. Jengo lake lilifunguliwa 1983, yeye akiwa amefariki tangu 1958. Katazo la kuazimisha liliondolewa kwa sheria iliyopitishwa na Bunge la Uskoti mwaka 2014. Sentensi chache za mtu mmoja zilishughulisha watu kwa miaka 70.

Basi koti liko wapi? Karibu hakika liko ghalani. Jumba la British Museum la London lina vitu takriban milioni 8, na vinavyoonekana na wageni ni kama 80,000, yaani asilimia moja. Vingine hukaa kwenye maghala, mara nyingi katika jengo jingine kabisa. Humo kitu hakitafutwi kwa jina la babu bali kwa namba ya usajili, tuseme 1994.12.3: mwaka kilipopokelewa, hiba ya ngapi mwaka huo, kitu cha ngapi ndani ya hiba hiyo. Ukiwa na barua ya shukrani yenye namba hiyo, umeokoa siku kadhaa za kazi ya mtu.

Halafu kuna hali ya kitu chenyewe. Nguo za zamani huonyeshwa kwenye mwanga hafifu, kawaida lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), kwa kuwa rangi iliyopauka hairudi. Filamu iliyokuwa chumba cha baridi haifunguliwi papo hapo: huachwa ipate joto taratibu ikiwa imefungwa, la sivyo unyevu hutua juu yake. Na vipo vitu vyenye sumu. Wanyama waliokaushwa zamani walitiwa aseniki, baadhi ya barakoa za gesi za Vita vya Pili vya Dunia zina asbesto kwenye vichujio, na saa za kale zenye namba zinazong'aa gizani huenda zilipakwa rediamu. Kwamba babu alivivaa na akazeeka salama si hoja.

Siku ya ziara, meza huwa tayari kabla ya mgeni kuingia. Juu yake kuna sponji laini na karatasi nyembamba isiyo na asidi, na koti limelazwa chali, mikono imejazwa karatasi ili isijikunje. Mikoba hubaki nje pamoja na kalamu za wino, penseli inaruhusiwa. Glavu huvaliwa kwa picha na vitu vya chuma au fedha, maana jasho la vidole huvila. Kwa barua na vitabu, mara nyingi huhitajiki kuvaa glavu, unanawa mikono na kuikausha vizuri tu. Vidole vilivyovikwa pamba havihisi ukingo wa karatasi, na hapo ndipo ukurasa huchanika.

Lazima atokee mmoja atakayeomba kulivaa. Jibu ni hapana, kwa kuwa mishono ya mabegani haitahimili. Kwa maoni yangu jibu hilo linapaswa kuandikwa kwenye barua pepe ya kwanza kabisa. Kumwambia mtu aliyesafiri, akiwa tayari amenyoosha mkono, ni ukatili usio na sababu. Vivyo hivyo kama kitu kimepotea, au kilishaondolewa kwenye mkusanyiko kwa utaratibu halali. Sheria inaweza isiyalazimishe makumbusho kuitafuta familia na kuiarifu, lakini adabu inalazimisha.

Kwenye nyaraka mambo hugeuka magumu zaidi. Barua alizopokea bibi zilikuwa mali yake, ila hakimiliki ya maneno ni ya aliyeziandika na warithi wake, na katika nchi nyingi hudumu miaka 50 au 70 baada ya kifo chake. Mafaili yenye siri za watu walio hai, kama habari za ugonjwa, yanaweza kufungwa hata kwa mtoto wa aliyeyatoa.

Makumbusho nayo hunufaika, tena sana. Picha iliyoandikwa "wanaume wanne, hawajulikani" hupata majina pale binamu mmoja anaposema, huyu wa kushoto ni mjomba. Mfanyakazi mwenye akili hunakili maneno hayo pamoja na jina la msemaji na tarehe. Wakibishana ndugu wawili, kauli zote mbili zinaandikwa. Kuamua nani mkweli si kazi ya siku hiyo.

Jambo moja ambalo familia hufanya kwa nia njema: kuja na kofia ya koti lile lile na kuiacha mezani kama zawadi. Aliyekaa hapo kwa kawaida hana mamlaka ya kuipokea, kwani hiba huamuliwa na kamati. Tena kofia ya sufu iliyokaa kabatini inaweza kuwa na mayai ya nondo. Ikikubaliwa, hutengwa kwanza, na pengine kugandishwa kwa siku kadhaa, kabla ya kusogezwa karibu na koti. Tuma picha yake kwanza, ukieleza ilikuwa ya nani.