Bastinesaiti: hilo neno "adimu" limewapoteza wengi

Dhana: Madini adimu huitwa hivyo kwa sababu ni machache ardhini.

Ukweli: Bastinesaiti, jiwe linalochimbwa kwa ajili ya madini hayo, imejaa seri, mojawapo ya elementi zinazoitwa adimu, na seri katika gamba la dunia inakaribiana na shaba kwa wingi. Shughuli ipo kwenye kutenganisha. Ndani ya jiwe hilohilo seri imechanganyika na lanthani, neodimi na praseodimi, elementi zinazofanana kikemia kama mapacha. Kuitoa kila moja peke yake kunataka tindikali na hatua zilezile zinazorudiwa mara nyingi mno. Ukiwa na mgodi lakini huna kiwanda cha kutenganisha, unauza mawe.

Dhana: Ni madini ya magari ya umeme na simu tu.

Ukweli: Sumaku za neodimi ndizo zenye sifa siku hizi, sawa. Lakini seri ilitambuliwa mwaka 1803 kutoka mbale za Bastnäs, Uswidi, mgodi uliolipa jiwe hili jina. Kile kijiwe kinachotoa cheche kwenye kiberiti cha gesi nacho ni mchanganyiko wa chuma na seri, alioubuni mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, mwanzoni mwa karne ya 20. Unga wa oksidi ya seri hung'arisha vioo, na lanthani hutumika kwenye lenzi za kamera na kwenye vichocheo vya kusafishia mafuta.

Dhana: Jiwe hili lina mionzi, usiliguse.

Ukweli: Hofu hii ina chanzo. Mwaka 1949 watu waliokuwa wakitafuta urani huko Mountain Pass, California, walifuata mlio wa kipima mionzi wakaangukia bastinesaiti. Kinachotoa mionzi ni thori iliyomo, na kwa kawaida huwa kidogo kuliko kwenye monazaiti, jiwe jingine lenye madini adimu. Kulishika jiwe si tatizo. Cha kuchunga ni vumbi la kusaga na mabaki ya kiwandani.

Dhana: Likiwa safi na linang'aa, linafaa pete.

Ukweli: Hapa ndipo wanunuzi wanapoumia. Zagi, karibu na Peshawar nchini Pakistani, hutoa fuwele safi za rangi ya asali hadi kahawia nyekundu, na zikikatwa vizuri zinapendeza kwelikweli. Ila ugumu wake ni 4 hadi 4.5 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho almasi ndiyo 10, na ncha ya kisu cha chuma inalichora. Vumbi la kawaida lina chembe za kwatzi, ugumu 7, kwa hiyo hata kulifuta kwa kitambaa kikavu kunaliachia mikwaruzo. Tena ni kabonati: tindikali inalila.

Kulitambua si kazi ngumu. Kiganjani ni zito ajabu, karibu mara mbili ya kwatzi ya ukubwa uleule. Ukilitazama kwa spektroskopu, kifaa kinachotawanya mwanga katika rangi zake, neodimi hujitangaza yenyewe: mistari myeusi iliyosongamana kama meno ya kitana, kwenye njano na kijani. Kioo cha kawaida kilichotiwa rangi ya asali hakina mistari hiyo.