Mafuta ya mkaratusi kando ya tembe za TB

Mafuta ya mkaratusi hayatibu TB. Naanza na hilo kwa sababu wagonjwa wengi wanaofika kwenye dirisha la dawa la kliniki ya kifua ninapofanya kazi, huku Eastlands, Nairobi, huja tayari na kichupa mfukoni. Huwa ni mkaratusi, karafuu, mchaichai au mnanaa, kimenunuliwa River Road au kwa mchuuzi ndani ya matatu. Wengine huona haya kukitaja. Anayepata ujasiri huinama na kuuliza taratibu, "Daktari, naweza kuendelea nayo?" Mimi ni mfamasia, na kabla ya kumjibu nataka kujua kwanza kama mafuta hayo yanatumika kando ya tembe au yamechukua nafasi ya tembe.

Watafiti wana sababu nzuri ya kuyachunguza. Bakteria wa kifua kikuu (TB), aliyetambulishwa kwa ulimwengu na Robert Koch mwaka 1882, amejifunika ukuta mnene wenye mafuta na nta, na dawa nyingi haziupenyi. Mafuta ya mimea hujichanganya kirahisi na vitu vyenye mafuta, hivyo yanaweza kuuvuruga ukuta huo. Katika maabara, mafuta ya mimea kadhaa, yakiwemo ya jamii za mkaratusi, yamezuia bakteria hao kukua. Mchuuzi anayesema "imethibitishwa na wanasayansi" huwa amesikia kipande hiki cha habari, kisha akaishia hapo.

Ndani ya chupa ya maabara, mafuta na bakteria hukutana ana kwa ana. Ndani ya mapafu, bakteria amejificha katika seli za kinga zilizommeza, au katikati ya vidonda vilivyozungukwa na tishu iliyokufa, mahali ambapo hata damu haifiki vizuri. Mvuke unaouvuta puani hauwezi kufika huko kwa kiwango cha kuua. Tena bakteria huyu hugawanyika polepole mno, karibu mara moja kwa siku, na wengine hulala usingizi kabisa wakingoja. Ndiyo maana matibabu huchukua miezi.

Hata dawa kali ikiwa peke yake hushindwa. Streptomaisini ilipojaribiwa Uingereza miaka ya 1940, wagonjwa walipata nafuu ya kushangaza, kisha wengi wakazidiwa tena kwa kuwa bakteria waliobaki walikuwa sugu, yaani dawa haikuwaua tena. Tangu hapo dawa za TB huchanganywa. Na hapa sisi Wakenya tuna la kujivunia: majaribio yaliyofupisha matibabu kutoka mwaka mmoja na nusu hadi miezi 6 yalifanywa Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 1972. Ikiwa streptomaisini haikutosha ikiwa peke yake, siwezi kumwambia mama wa watoto wanne aitegemee karafuu.

Leo mgonjwa wa TB ya kawaida hunywa rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi 2, halafu rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4. Katika vituo vya afya vya umma dawa hizo hutolewa bure, wakati kichupa kile kimelipiwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nafuu yenyewe. Mnanaa una mentholi, ambayo huamsha neva za baridi puani na kooni. Ubongo unahisi hewa inaingia kwa wingi, ilhali njia ya hewa haijapanuka hata kidogo. Mtu mwenye TB ambaye hajapimwa akijipaka kila usiku, atahisi kifua kimefunguka na kuahirisha safari ya kliniki wiki baada ya wiki. Wiki hizo zote anawakoholea walio nyumbani.

Halafu kuna kujifukiza. Tangu wakati wa korona desturi hii imeshika sana. Fikiria chumba kimoja cha ploti Kayole au Mathare: dirisha limefungwa ili mvuke usipotee, blanketi limefunika kichwa, na mvuke wenyewe unamchokoza akohoe zaidi. TB husafiri hewani. Chumba kilichofungwa huihifadhi, na mtoto aliyelala kando anaivuta. Kama kuna jambo moja ningependa mgonjwa wangu alitekeleze leo jioni, ni kufungua dirisha. Watoto pia huchomwa vibaya na sufuria za maji ya moto, kwa hiyo wao wasifukizwe kabisa.

Kunywa mafuta haya ni hatari kubwa zaidi. Kijiko kimoja cha chai cha mkaratusi kinaweza kumtia mtoto degedege au kumpoteza fahamu. Mafuta ya karafuu yakinywewa kwa wingi huumiza ini, na ini la mgonjwa wa TB tayari linahangaika na isoniazidi, pirazinamidi na rifampisini. Macho yakigeuka manjano, tunaweza kulazimika kusimamisha dawa zote. Mkojo wa rangi ya machungwa usikutishe, hiyo ni rifampisini. Macho ya manjano ndiyo ya kukimbilia kliniki siku hiyo hiyo.

Sasa, ninachoruhusu. Tone moja au mawili kwenye leso, nayo isogezwe mbali na uso, kichefuchefu kinapomsumbua mtu baada ya tembe. Matone machache ndani ya mafuta ya nazi kwa kukanda mgongo uliochoka kwa kukohoa. Mwenye pumu aache kabisa harufu kali, na mtoto mchanga asipakwe mentholi usoni wala kifuani. Faraja hii si ndogo kwangu. Mgonjwa aliyekandwa mgongo na mkewe akalala usiku mzima ana nguvu ya kumeza tembe asubuhi, na miezi 6 ni safari ndefu.

Makohozi hupimwa tena mwishoni mwa mwezi wa 2, kisha mwezi wa 5 na wa 6. Usikose siku hizo hata kama unajisikia mzima, kwa sababu majibu ya mwezi wa 2 ndiyo hutuonyesha kama dawa zinafanya kazi au inabidi tuchunguze usugu.