Je, wajua kwa nini Warusi huita jicho "glaz"?

Mpolandi, Mcheki, Mserbia na Mbulgaria wote huita jicho oko. Mrusi husema glaz. Neno la wazee lilikwenda wapi?

Tuanze na oko. Wanaisimu hulinganisha lugha zenye udugu, sauti kwa sauti: Kilatini oculus, Kilithuania akis, Kislavoni (ukoo wa lugha za Warusi, Wapolandi, Wacheki, Waserbia na Wabulgaria) oko. Kufanana kwa neno moja hakutoshi, maana maneno hufanana pia kwa bahati tu. Sharti ulinganifu ujirudie. Hapa unajirudia: "usiku" kwa Kilithuania ni naktis, kwa Kipolandi noc, a huku, o kule, vilevile kama akis na oko. Ndipo wakafikia mzizi *okw-, wenye kw kama ya "kwetu". Ile nyota huonya kwamba umbo hilo limekisiwa kwa hoja, halikukutwa limeandikwa popote.

Katika Kislavoni w ilidondoka ikabaki k, nayo k ikitangulia i hugeuka "ch". Kwa hiyo macho ni ochi, na i hiyo si ya wingi wa kawaida bali ya uwili: vitu viwili vilikuwa na umbo lake la pekee. Kipolandi kimehifadhi tofauti hii vizuri mno. Macho ya mtu ni oczy, lakini matundu ya wavu, au matone ya mafuta yanayoelea juu ya supu, ni oka, kwa kuwa hayaji mawili mawili.

Sasa glaz. Kwa Kipolandi głaz ni jiwe kubwa. Katika maandiko ya kale ya historia ya Rus, dola ya kale ya Waslavoni wa mashariki, habari za mwaka 1114, watoto wa mji wa Ladoga wanaokota glazki za kioo, yaani shanga. Basi neno lilitaja kitu cha mviringo kabla ya kutaja jicho. Yamkini lilianza kama msemo wa mitaani, kama mtu kuita macho ya mwenzake gololi, na kufikia karne ya 16 na ya 17 likaanza kumsukuma oko pembeni.

Oko hakufukuzwa kabisa. Miwani Kirusi ni ochki, dirisha ni okno, "jicho la nyumba", na washairi wakisifu macho ya mpenzi bado huandika ochi.