Tenisi ya kulipwa haimaanishi utajiri

Angella Okutoyi aliposhinda Wimbledon ya wasichana, wawili wawili, mwaka 2022, wengi waliamini Mkenya huyo ameshaukata. Sivyo. Mashindano ya vijana ya Wimbledon hayana zawadi ya fedha, na mwaka uliofuata alikwenda Marekani kusoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Auburn.

Hata anayeingia tenisi ya wakubwa huanzia chini: mashindano ya ITF, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, kama yale ya Monastir, Tunisia, yanayochezwa wiki baada ya wiki. Daraja la chini kabisa kwa wanawake ni W15. Hizo 15 ni dola 15,000, lakini si za bingwa; ni za mashindano mazima, kuanzia bingwa hadi aliyetolewa mapema. Ukipoteza mechi ya kwanza ya mmoja mmoja unaondoka na dola zisizofika 200, kabla ya kodi. Nauli, hoteli, kushonesha nyuzi za raketi, vyote juu yako. Kocha? Wengi husafiri bila kocha. Wanachokifukuzia huko hasa ni pointi, zinazowapandisha kwenye orodha ya viwango ya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, hadi waruhusiwe kuingia mashindano yanayolipa.