Akitoka soba, hadhari ndiyo kwanza inaanza

Mama mmoja wa Ng'ambo alinijia kituoni na mfuko mkononi. Ndani mlikuwa na kanzu mpya na kofia, kavinunua Darajani siku hiyo hiyo, maana mwanawe alibakisha siku nne kutoka soba, nyumba wanakokaa wanaoacha dawa za kulevya. Akaniuliza: "Baba, niambie kweli. Keshapona?"

Nikamjibu: "Mama, ameacha. Kupona bado yumo njiani." Hakulipenda jibu lile, niliona. Lakini tangu nyumba za soba zianze hapa Unguja mwaka 2009, familia nyingi zimempokea kijana kwa pilau na dua, kisha zikamzika kabla mwezi haujaisha. Kwa hivyo sababu nitaieleza wazi, kama nilivyomueleza yeye.

Mtu anayetumia unga, yaani heroini, kila siku mwili wake huuzoea, na kiasi ambacho kingemuua mgeni yeye humtoa arosto tu, yale mateso ya mwili ukikosa unga. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia, uzoefu ule huondoka. Mkono na akili bado vinakumbuka kipimo cha zamani, ila mwili umeshakisahau. Siku akiteleza akachukua kete ile ile ya mwaka jana, heroini huiendea sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi na kuilaza. Ndiyo maana wiki za mwanzo baada ya kutoka soba, jela au hospitali ni za hatari kubwa kuliko hata siku alizokuwa akitumia maskani. Wanaoacha kwa heshima ya Ramadhani wakarejea sikukuu nao wamo humo humo.

Mzazi azijue dalili. Haamki hata ukimtikisa, anakoroma kwa sauti nzito ya kukwama, midomo imeingia rangi ya buluu au kijivu, mboni za macho zimekuwa ndogo mno. Usimnyweshe maziwa wala maji, yataingia mapafuni. Mlaze ubavu, kichwa kirudi nyuma kidogo, umpeleke hospitali mbio. Mwambie daktari ukweli kwamba ni unga, maana ipo dawa, naloksoni, inayorudisha pumzi kwa dakika chache. Nguvu yake hukatika baada ya saa moja hivi na unga ukawa bado mwilini, kwa hivyo asirudishwe nyumbani mara tu akifumbua macho.

Kwa pombe mambo yamegeuka. Arosto ya unga inatesa, inaanza ndani ya nusu siku na kali yake ni siku mbili tatu, lakini ni nadra kuua. Anayekunywa gongo au pombe kali kila siku, kwa miaka, akikatishwa ghafla anaweza kushikwa na degedege ndani ya siku mbili, kisha akachanganyikiwa, akaona visivyokuwepo, hata akafa. Kumfungia chumbani "mpaka imtoke" ni kosa ambalo bado naliona kila mwaka. Mpelekeni hospitali aachishwe kwa dawa.

Na methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya unga? Wazazi huniambia "kabadilisha ulevi tu". Sikubaliani nao hata kidogo. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, hukaa mwilini zaidi ya saa 24, na kipimo kikiwa sawa mtu halewi wala hapati arosto. Anakwenda kazini, analala usiku. Sindano anaiweka mbali, na pamoja nayo VVU na homa ya ini. Hospitali ya Kidongo Chekundu, hapa mjini, huduma hii imeanza mwaka 2015. Kinachowashinda wengi ni kwenda kila siku. Kijana wa shamba hulipa daladala kwenda na kurudi, siku nenda siku rudi, na hana kazi. Mzazi anayetaka kusaidia na asijue aanzie wapi, aanze na nauli hiyo.

Nyumbani sasa. Kijana anaingia mlangoni, kaka yake anainuka kimya, anakwenda kufunga kabati na kutia ufunguo mfukoni. Hakuna aliyesema neno, na kila mtu kaona. Sisemi muachie pesa ovyo. Wiki za mwanzo pesa nyingi mkononi ni mtihani kwake. Lakini hilo lisemwe naye kwa mdomo, mkubaliane, yeye mwenyewe akabidhi. Na mkubaliane jambo zito zaidi: akiteleza, aseme, na hatafukuzwa usiku huo. Anayeona aibu hutumia peke yake, chooni, komeo limetiwa kwa ndani. Pumzi ikikata hakuna wa kumsikia.

Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mfuko wake juu ya kiti, akatoa khanga akaitandika sakafuni. "Lala hapo, baba, nikugeuze. Nataka mikono yangu ijue." Nikalala. Mara ya kwanza aliukunja mkono wangu vibaya, ukanibana kifuani. Akanirudisha chali, akaanza upya. Mara ya tatu alinilaza ubavu barabara, goti mbele, shavu juu ya kiganja, akainama kuweka sikio karibu na pua yangu.