Kucheza wawili si lazima kushirikiana: maana ya gemu ya ushirikiano

Ukiingia kwenye kibanda cha gemu pale Wandegeya au Kabalagala, Kampala, ukaomba gemu ya kushirikiana, mara nyingi utapewa pedi mbili za kuchezea na gemu ya mpira. Wewe Arsenal, mwenzako Manchester United, na atakayefungwa ndiye atakayelipa. Mpira ni gemu tamu, hakuna anayebisha. Ila kuuita gemu ya ushirikiano ni kosa, na limezoeleka kiasi kwamba anayetafuta gemu ya ushirikiano hasa hajui tena aulize vipi ili aeleweke.

Gemu ya ushirikiano ni ile ambayo wachezaji wote wako upande mmoja na mpinzani wao ni gemu yenyewe: saa inayohesabu, fumbo, shimo, adui anayeendeshwa na kompyuta. Wakishinda wameshinda wote, wakishindwa wameshindwa wote. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachotuchanganya ni kiambishi kidogo, -an-. Kutokana na shinda tunapata shindana, kisha ushindani. Kutokana na shiriki tunapata shirikiana, kisha ushirikiano. Maneno yote mawili yana -an- ndani yake, yote mawili yanadai watu wawili au zaidi, na sikio la haraka linayachukua kama ndugu. Lakini -an- haisemi kama watu wanatendeana mema au mabaya. Kupendana kuna -an-, na kupigana pia. Kiambishi kinasema tu kwamba kila mmoja anamgusa mwenzake, na namna wanavyogusana inabaki kwenye mzizi. Kwa hiyo pedi mbili mkononi zinathibitisha -an- peke yake. Hazijathibitisha shiriki.

Na shiriki ni neno zito. Limetoka kwenye Kiarabu, katika ukoo wa sharika, kuwa na fungu katika jambo moja na mwingine. Humo humo tumepata shirika, mshirika na shirikisho. Anayeshiriki ana fungu lake katika faida, na vilevile katika hasara. Kiingereza kimekwenda njia nyingine: lile neno ambalo wachezaji hulifupisha kuwa ko-op linatoka kwenye Kilatini, na maana yake ni kufanya kazi pamoja. Kilatini kimetazama jasho, Kiarabu kikatazama fungu. Kwa kupima gemu, neno letu ni kipimo bora kuliko lao. Watu sita wanaorushiana risasi kwenye Mini Militia wanatoka jasho pamoja, kwenye uwanja mmoja, kwa saa nzima, bila yeyote kuwa na fungu katika hasara ya mwenzake. Swali la kuuliza ni moja: nikianguka mimi, na wewe umepungukiwa? Kama jibu ni hapana, hapo hakuna ushirikiano.

Wengine husema “gemu za ushirika”. Hapo pia pana utelezi. Ushirika ni chombo: chama chenye wanachama na hisa, kama Bugisu Cooperative Union iliyoundwa na wakulima wa kahawa wa Mlima Elgon mwaka 1954. Ushirikiano ni tendo. Mtu anaweza kuwa mwanachama wa ushirika miaka yote na asishirikiane na yeyote. Gemu haina wanachama wala hisa, basi neno lake ni ushirikiano.

Omweso, bao la Kiganda, haumsumbui mtu: mashimo 32, kete 64, watu wawili wanaotazamana, ushindani mtupu. Shida inakuja kwenye timu. Ludo ya wawili wawili, au kikosi cha watu wanne kwenye PUBG Mobile katikati ya wachezaji 100, ina ushirikiano ndani ya kikosi, lakini gemu yenyewe ni mashindano, kwa sababu upande wa pili kuna watu wanaotaka ushindi huo huo. Iite gemu ya timu. Among Us iko mbali zaidi, maana wenzako wanafanya kazi pamoja huku mmoja wao au zaidi ni msaliti asiyejulikana. Hapo kumwamini mwenzako kupita kiasi ndiko kunakokuangusha.

Gemu moja inaweza pia kuhama upande. Mpira ule ule wa kibandani, kabla mechi haijaanza, unawaonyesha ukurasa wa kuchagua timu wenye pedi katikati. Zisogezeni pedi zote mbili upande mmoja, na sasa mnacheza pamoja dhidi ya kompyuta. Huo ni ushirikiano, hata kama jina la gemu halijabadilika. Ndiyo maana swali zuri kwa mwenye kibanda linahusu namna ya kucheza kuliko jina la gemu.

Hata ndani ya ushirikiano kuna ngazi mbili ambazo anayechagua gemu ya kucheza na marafiki asizichanganye: kusaidiana na kutegemeana. Kwenye gemu nyingi za kupiga maadui bega kwa bega, mwenzako akienda kupokea simu utaendelea, ila kwa shida zaidi. Huko ni kusaidiana. Fireboy and Watergirl, ya mwaka 2009, ni kutegemeana, na inachezwa bure kwenye kompyuta moja. Mvulana wa moto anaendeshwa kwa mishale, msichana wa maji kwa A, W na D. Moto ukiingia majini unakufa, maji yakiingia kwenye moto yanakufa, na tope la kijani linawaua wote. Mmoja anasimama juu ya kitufe, jukwaa linapanda, mwenzake anavuka. Akiondoka kwenye kitufe kabla ya wakati, jukwaa linashuka. Mmoja akifa, wote wawili wanarudi mwanzo wa hatua. Fungu ni moja kweli kweli.

Humo pia kuna hitilafu inayozua ugomvi bure. Ndani ya kibodi za bei nafuu nyaya zimepangwa kama wavu, na vitufe fulani vitatu vikibonyezwa kwa wakati mmoja, kibodi hushindwa kuvitofautisha, ikakinyamazisha kimoja. Mwenzako anaapa kwamba ameruka, wewe unaona amesimama. Shikilieni W na D, kisha mwingine abonyeze mshale wa juu na wa kulia pamoja. Kama mmoja haruki, lawama ni ya kibodi. Chomekeni kibodi ya pili ya USB, kila mtu atumie yake. Kompyuta itazipokea zote mbili kwa pamoja na tatizo litakwisha.

Keep Talking and Nobody Explodes ya mwaka 2015 imekwenda mbali kuliko nyingi. Mmoja anaona bomu kwenye skrini, wenzake wana mwongozo wa kulitegua, kurasa 23, na hawaruhusiwi kutazama skrini. Inatosha kuinunua mara moja, mwongozo ni wa bure na unachapishika. Inatibu pia ugonjwa mkubwa wa gemu hizi, yule rafiki mmoja anayewaamuru wote wafanye nini mpaka wengine wanakuwa mikono yake tu. Hapa hawezi, maana nusu ya habari iko kwa wenzake. It Takes Two ya mwaka 2021 nayo haichezeki peke yako kabisa, na rafiki wa mbali anaweza kujiunga bila kununua yake.

Maandishi “wachezaji 1–4” kwenye kasha ni hesabu ya watu, hayasemi wako upande gani wala wamekaa wapi. Tafuta kama ushirikiano ni wa skrini moja, wa mtandao wa ndani (vifaa vilivyo kwenye Wi-Fi moja) au wa intaneti. Overcooked ya kwanza, ya 2016, ni ya skrini moja tu, na anayeinunua ili acheze na rafiki aliyeko Gulu hatapata njia ya intaneti ndani ya gemu yenyewe. Ya pili, ya 2018, ndiyo yenye intaneti. Kwa simu, Spaceteam hupitia mtandao wa ndani: mmoja awashe hotspot, wengine wajiunge, na bando haliguswi. Simu zisipoonana kwenye Wi-Fi ya hosteli au mgahawa, mara nyingi ruta imewekwa izuie vifaa kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Hotspot ya simu ndiyo dawa.

Kwa wenye vibanda, ombi ni dogo. “Gemu za watu wawili” ni maneno sahihi kwa karibu kila mlicho nacho, mpira ukiwemo. “Gemu za kushirikiana” yaandikeni pembeni ya zile chache ambazo hazina wa kufungwa, na bei yake iwe ya nusu saa, kwa kuwa humo hatapatikana aliyeshindwa peke yake wa kulipia mechi.